Lita Elfu Moja na Mia Mbili Zilizopotea

Walvis Bay, Namibia
9 Juni 2024

Dada Domisiana, shikamoo. Ni imani yangu mnaamka vizuri hapo Murukulazo na kiuno cha mama kimetulia. Mimi mzima, ila nimechoka, na baridi ya huku ni jeuri: navaa makoti mawili na meno bado yanapiga ngoma.

Dada, ujue melini mimi ni Injinia. Darasa la sita langu hilohilo, lakini mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa iko mkononi mwangu, na watu kumi na wanane wanakunywa kwa hisani yangu! Tatizo, tangu tutoke Dar imeshuka. Lita elfu tatu kwa siku zimekuwa elfu moja mia nane. Nimebadilisha vichujio, nimetoa majani ya bahari kwenye mdomo wa bomba, presha ya pampu iko palepale, maji hayana chumvi. Siku ya tano nazunguka nayo.

Nahodha alipouliza kwa nini maji yanapungua niliona aibu. Nikamwambia inatoa elfu tatu kama zamani. Akasema, "Basi kuna anayemwaga au kuiba." Wote wakamgeukia Fabrice wa jikoni, yule mtoto wa Speciosa wa Lusahunga niliyemtafutia kazi mwenyewe. Nikanyamaza. Usijali, nitaitengeneza mambo yasije yakawa makubwa.

Mdogo wako, Frednand

Murukulazo
14 Juni 2024

Mdogo wangu, marahaba. Tunaamka. Mama analalamika kama kawaida, ndiyo dalili ya uzima. Barua hii Anneth wa dukani ataipiga picha akutumie.

Jana Speciosa alipanda gari kutoka Lusahunga mpaka kwangu. Fabrice amempigia simu: atashushwa, na kitabu chake cha ubaharia kitaandikwa mwizi wa maji, asipate meli nyingine maisha yake. Mwanzo mama wa watu alicheka: "Mwizi wa maji, katikati ya bahari?" Kisha akalia mpaka chai ikapoa. Sikuweza kumtazama, nilikuwa nimeshasoma barua yako.

Mashine siijui. Ila ndizi za pombe nilizofukia shimoni ziive, kwa kipupwe hiki, leo siku ya nane na bado mbichi. Wakati wa joto ni siku tano tu. Sikumwita jirani mchawi. Wewe unavaa makoti mawili, je, mashine umeivalisha nini? Kamwambie nahodha ukweli leo.

Dada yako, Domisiana

Walvis Bay
21 Juni 2024

Dada, shikamoo. Ya afya siulizi sana, najionea haya.

Nilipima. Dar maji ya bahari yalikuwa nyuzi ishirini na saba, huku kumi na tatu. Yakiwa baridi hupita kwa shida kwenye chujio kuu, basi, mashine haina ugonjwa. Jambo hilo limo kwenye kitabu cha mashine, na jedwali kabisa. Sikuwahi kukifungua, nilishawatangazia kuwa nimekikariri.

Barua yako ilichelewa kunifikia, ikanikuta Fabrice ameshashushwa siku mbili. Alikuwa amekaa bandarini juu ya begi lake. Hakunitukana. Angenitukana ningepumzika. Nikaenda kwa nahodha, nikasema nilidanganya, nikaandika na kutia sahihi. Fabrice wamemrudisha na kitabu chake wamekisafisha. Changu ndicho kimeandikwa, na mimi ndiye niliyeshushwa. Meli imeondoka leo asubuhi. Fabrice alinipungia mkono, au alikuwa anakung'uta kitambaa cha vyombo, sikujua.

Natafuta njia ya kurudi. Naomba kitu kimoja, dada. Ngara nzima wananijua Injinia. Waambie Injinia yuko likizo.

Mdogo wako, Frednand

Murukulazo
26 Juni 2024

Mdogo wangu, marahaba. Nimekwenda Lusahunga, nimemsomea Speciosa barua yako yote. Aliendelea kuchambua maharage, kisha akasema, "Mwambie apitie hapa ale kwanza, ndipo aende kwao." Hajasema amekusamehe, usijidanganye.

Stendi ya Ngara wameniuliza habari zako. Hilo la likizo limenishinda mdomoni. Nimesema mdogo wangu amechoka, anarudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Dada yako, Domisiana