Gari lililosomewa fatiha kabla ya ushuru

Kasongo, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na bosi ameniagiza nizungumze na watu wa Lusangi.

Mimi ni karani katika duka la mtu anayeagiza magari mapya. Naandika bei, nawaeleza wateja. Leo kazi ilikuwa kueleza kwamba bei imepanda.

Gari lenyewe ni kamioneti, gari dogo la mizigo, ya Papa Ramazani na ndugu zake, wakulima wa mpunga kijijini Lusangi. Pikipiki yao hubeba magunia machache tu, na mgonjwa akizidiwa hupakiwa juu ya pikipiki hiyo hiyo. Mwanzoni walitaka gari lililotumika, la bei nafuu. Sheria inakataza kuingiza magari yaliyozeeka. Naielewa, nimeona magari yasiyo na breki yakishuka vilima vyetu. Basi wakachagua jipya, na bosi akawapa bei.

Kwao, bei ikikubaliwa, huchinjwa mbuzi na fatiha husomwa. Baada ya hapo hakuna anayeigusa bei. Bosi alinituma nimwakilishe. Mimi ni Mkristo, lakini niliinua mikono na nikaitikia amina.

Kisha gari likafika bandarini Kalemie, na watu wa forodha, dwane kama tunavyoiita huku, wakalithamini kwa kiasi kilichozidi bei tuliyolinunulia. Ushuru ukapanda. Juu ya ushuru huo huhesabiwa kodi nyingine, kisha ukaguzi, kisha namba ya gari. Kila kimoja kina sababu yake.

Vyote pamoja vinamwangukia mkulima.

Nilieleza polepole. Papa Ramazani alinisikiliza kwa adabu iliyoniumiza.

"Kijana yangu," akasema, "na fatiha nayo inalipaka dwane?"

Mdogo wake akadakia: "Basi muturudishie mbuzi yetu! Na wewe ulikula paja, nilikuona."

Tulicheka sote. Halafu mzee akashusha sauti. "Hatuna ingine ya kuongeza. Mupunga iko inatuozea. Utuambie tu: tutapata gari, ao hatutapata?"

Niliwaomba warudi kesho.

Bosi si mtu mbaya. Ushuru hakuutunga yeye, na faida yake kwa kila gari si kubwa. Lakini akiiacha faida hiyo mara hii moja, gari linatoka kwa bei ileile. Nimepiga hesabu tena na tena. Shida ni kwamba wa kumwambia ni mimi, na karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa neno dogo kuliko hili. Nyumbani wanakula kwa mshahara wangu.

Papa Ramazani na mdogo wake wanalala kwa jamaa yao hapa mjini. Asubuhi watarudi, na bosi atakuwepo. Kwa kawaida yeye hukaa nyuma ya meza, nami pembeni yake.

Kesho nitakaa kwenye benchi la wateja, na nitamwomba aiache faida hiyo kabla hajaniuliza lolote.

Sauti itatoka?