Kosa Si la Mvua

Nyumba za Walimu,
Mlango wa Mwisho,
Jumapili ya pili ya mwezi.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko uliko? Shemeji hajambo? Na huyo bwana mdogo wenu, meno yameshatoka au bado anawang'ata kwa ufizi? Sisi huku hatujambo kwa kuungaunga. Goti la Mama limetulia tangu aache kupanda ngazi, ila ulimi haujatulia; kila jioni ananiuliza kwa nini sijakujibu. Mimi ni mzima, isipokuwa sauti imekauka na mgongo haunisikii tena. Ukituona tumekaa pamoja utadhani mimi ndiye mama na yeye ndiye binti.

Najua unachosubiri. Umenitafutia kiti kwenye hiyo kampuni yenu, nikae ofisini penye kiyoyozi nitunge maswali ya masomo ya kwenye tableti, na mkubwa wako anataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Sikunyamaza kwa dharau. Kila nikiandika "nakuja" mkono unasita, na kila nikiandika "siji" mgongo unalalamika. Nivumilie nianzie mbali kidogo, unajua walimu hatujui kufupisha.

Mwaka huu shule yetu ililetewa tableti na wafadhili. Kwenye hotuba waliziita vishikwambi. Mtunza stoo anaziita "mayai yangu", maana mtu akishika moja yeye anaacha kupumua. Darasani kwangu watoto wanne wanachangia moja. Ndani mna programu ya sayansi: swali moja, majibu manne, ukigusa jibu sahihi linageuka kijani na nyota inaruka. Ukikosea unagusa tena. Unagusa hadi kijani kitokee.

Basi watoto si wajinga. Darasani nina binti mmoja ambaye wenzake wanamwita Cherehani, kwa jinsi vidole vyake vinavyokimbia. Wakampa kazi ya kuzunguka dawati hadi dawati akiwagusia majibu, na wao wakawa wanamfagilia zamu yake. Haukupita muda darasa langu likawa la kwanza kwa nyota katika shule zote za mradi. Mwalimu mkuu akabandika matokeo mlangoni kwake, akanipa mkono mbele ya walimu wenzangu. Nikaupokea, nikijua kuna kitu kinanuka.

Siku moja nikazima tableti zote nikauliza kwa mdomo, sauti inasafirije? Cherehani akanyoosha mkono, uso umemjaa furaha.

"Mwalimu, hiyo ya kijani ni ya tatu kutoka juu!"

Darasa zima likashangilia. Nilicheka hadi nikashika ukuta, halafu njiani nikirudi nyumbani nikaanza kuona uchungu. Watoto walikuwa wamejifunza kwa bidii kubwa, lakini walichojifunza ni mahali kijani kinapokaa.

Usidhani nazichukia mashine. Wewe ndizo zinazokulisha, na mimi nilizifurahia kuliko mwalimu yeyote hapa. Ninachoamini ni kwamba mtoto akipewa chombo, kimsaidie kujua jambo ambalo yeye mwenyewe anataka kulijua. Kisu hakimfundishi mtu kupika, ila mwenye njaa na kitunguu mkononi atakitafuta kisu popote kilipo. Kwenye zile nyota hakuna mtoto aliyekuwa na njaa ya lile swali.

Njaa yetu sisi inajulikana. Darasa letu ni bati tupu, halina dari. Mvua ikinyesha somo limekufa. Naweka chaki chini, nakaa, tunatazamana. Nikaifunga programu ya nyota. Nikawaonyesha kwamba tableti inaweza kupima kelele na kuchora mstari unaopanda na kushuka. Nikawaambia watafute ni dawati gani mvua inalionea zaidi.

Mdogo wangu, ungewaona! Waliisubiri mvua kama watu wazima wanavyousubiri mshahara. Ilipokuja wakaniomba niendelee kusoma kwa sauti, wakapima mbele, nyuma, dirishani, hadi chini ya meza yangu. Wakagombana, wakapima tena. Mwisho Cherehani akasimama na majibu. Mvua ni ileile kila dawati. Kinachopungua ni sauti yangu, na ikifika nyuma ule mstari hautikisiki kabisa.

"Kwa hiyo mwalimu," akasema kwa adabu zote, "kosa si la mvua. Wewe ndiye uko mbali."

Na mimi miaka yote hii nalilaumu bati! Wakapendekeza dawa wenyewe, kwamba madawati yanizunguke. Tulijaribu mara moja, mwalimu mkuu akapita, akauliza kama tumeanza kucheza ngoma saa za masomo. Madawati yakarudi kwenye mistari.

Wakati huo nyota zilikuwa zimeporomoka, na kutoka kileleni tukajikuta mkiani. Mwalimu mkuu akaniita ofisini. Si mtu mbaya, naye ana wakubwa wake. Akaniambia wafadhili wanakuja, na darasa lisilo na nyota litanyang'anywa tableti.

"Mwalimu, funika kombe mwanaharamu apite," akasema kwa sauti ya chini. "Mrudishe yule mtoto wa vidole kazini, siku mbili tu."

Kumbe alijua! Alijua tangu siku aliyonipa mkono. Hapo ndipo nilipochoka, mdogo wangu, na huu si uchovu wa kwisha kwa usingizi.

Sikumrudisha Cherehani kazini. Wafadhili wakaja, wakatazama nyota, wala hawakuwatazama watoto. Nilijaribu kuwaeleza habari ya mvua, lakini siku yenyewe jua lilikuwa linapasua mawe, nikaonekana mtu wa ajabu tu. Ijumaa mtunza stoo akaja na sanduku akayakusanya mayai yake, yakaenda darasa la jirani. Watoto hawakulia. Walitazama tu, na hilo liliniuma zaidi. Jioni ile nikakuandikia kwamba nakuja. Nilikusudia kuituma barua katikati ya wiki.

Jumanne mvua ikanyesha. Tulikuwa kwenye somo la mzunguko wa damu. Nikaweka chaki chini kama kawaida yangu, nikakaa, wala sikuwa na haja ya kunyanyuka tena. Mara nikasikia madawati yanaburuzwa. Sikuwa nimesema neno. Waliyasukuma kutoka pande zote hadi kwenye kiti changu, wakanizunguka, na wale waliokuwa wakikaa nyuma kabisa magoti yao yakawa yanagusa sketi yangu. Cherehani akaniinamia sikioni, maana bati lilikuwa halitaki mchezo.

"Endelea mwalimu. Sasa tunakusikia."

Nililia mbele yao, sioni aibu kukuambia. Mwalimu mkuu alipita dirishani, akasimama kidogo, akaenda zake. Nikajifuta uso nikaendelea na somo.

Kwa hiyo mshukuru sana mkubwa wako, na hicho kiti akipe mwingine. Najua ulihangaika kwa ajili yangu, na sitausahau wema wako. Ila usije ukasema dada amekuwa shujaa. Nimechoka vilevile, wiki ijayo nitachoka zaidi, na huenda siku moja nikakulaumu kwamba hukunibembeleza vya kutosha.

Mama anakusalimu, anasema maneno yake amekuwekea hadi utakapokuja likizo. Msalimie sana shemeji, mama mkwe wako, na yule rafiki yako wa ofisini aliyenipigia debe. Mtoto mbusu kwa niaba ya bibi yake na mimi mama yake mkubwa. Mungu awape afya, awalinde mnapotoka na mnaporudi.

Na ukiona bado unanung'unika, mdogo wangu, jiulize jambo moja kwa ajili yangu. Nikikosea swali nikiwa kwenye kiti hicho chenye ubaridi, nani atainuka aniambie kwamba niko mbali?

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikiwa hoi,

Dada Mkubwa