Miwani Uliyomchagulia Mama

Kaka Muntasir,

Shikamoo. Huku Boko sie wazima, ila mvua imetuharibia njia.

Ile fremu uliyomtumia mama kutoka Maskati ni nzuri, lakini ni pana kuliko uso wake. Fundi wa miwani alisema macho yake yanataka lenzi kali, na kwenye fremu pana lenzi hiyo hunenepa katikati ikawa nzito. Akamshauri achukue ndogo. Mama akagoma: "Hii kaichagua mwanangu."

Sasa inamteleza puani. Hata msahafu kaacha kusoma. Anaivaa ukipiga video tu. Laiti ungekuwepo tukampeleka pamoja!

Juzi uliniuliza mbona mama kashika tama. Anaizuia miwani isidondoke, kaka, apate kukuona.

Mdogo wako,
Yumna