Sauti ya Kamati Kwenye Wimbo wa Tatu

Amalemba, Kakamega
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Shikamoo, wewe na Baba. Barua yako ilinifikia ikinukia ndizi mbivu, nikajua ulimpa yule yule mama wa sokoni aipeleke posta. Goti linasemaje? Na Baba, bado anabishana na msomaji wa taarifa ya habari kana kwamba atajibiwa? Mimi ni mzima. Uliuliza kuhusu kikohozi. Kimeisha, ila nitakirudia mwishoni, kwa maana kina sehemu yake katika habari hii.

Huku ni mvua. Inafika saa nane mchana kama mtu aliyeajiriwa, inapiga mabati, inaondoka. Kuna vijana wanne hapa wamejiita Mvua ya Saa Nane, kwa kuwa ndiyo inayowafungia ndani wakafanye mazoezi. Wanapiga muziki wa roki, lakini wa namna yao. Mwimbaji ni Lihanda, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, anayeimbia puani mambo ambayo watu hawaimbi: shati la pekee la mwalimu, kikombe kilichopasuka, foleni ya kliniki. Musonye anapiga isukuti, ngoma za huku, mahali ambapo wenzao wangeweka dramu za dukani.

Sasa sikia, Mama. Hao vijana walitaka kunasa kaseti yao ya kwanza, wakaja kwa binti yako. Wewe ulidhani ningedumu kuwa karani wa duka. Fundi wa redio alipoamua kurudi kwao, nilikuwa nimemtazama mgongo miaka miwili, nikakaa kwenye benchi lake nikaendelea pale alipoachia. Wateja wengine bado huchungulia nyuma yangu wakitafuta fundi mwenyewe. Nawaacha wachungulie, huku nafungua skrubu.

Tulinasa kwao Musonye, Malinya, nyumbani kwa babu yake, Mzee Lumbasi. Gitaa la umeme katika boma lisilo na umeme: nilitumia betri ya gari na redio kuukuu iwe spika. Maikrofoni ilikuwa moja, nikaining'iniza kwa kamba kutoka kwenye boriti. Kaseti nzuri, isiyokwaruza, ilikuwa moja pia. Nyingine kama hiyo huipati mjini hapa.

Kosa tulilofanya ni hili. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na zizi la Kamati. Kamati alikuwa fahali wa Mzee, wa kupigana. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuwa na haraka, lakini akishaamua, hakuna rufaa. Huku fahali haendi uwanjani kimya kimya. Anatolewa kwa isukuti na nyimbo, na yeye mwenyewe anajua. Katika wimbo wa tatu, ule wa shati la mwalimu, Musonye alipiga mdundo ule ule wa kumtoa fahali. Aliupenda tu. Hakufikiri kuna mtu atakayeuchukulia kwa uzito.

Kamati aliuchukulia kwa uzito. Alinguruma ngurumo moja ndefu, kisha akagonga ukuta kwa kichwa, udongo ukatumwagikia. Gitaa lilikatika nyuzi mbili. Lihanda, kwa kuwa ni mwalimu na amezoea kelele, aliendelea kuimba.

Aliposikiliza baadaye aliona haya. Akasema nikae na kaseti wiki mbili, niipige kwenye benchi, niandike maoni ya wasikilizaji katika daftari. Wakiikataa, tutanasa upya juu yake, shuleni, darasa likiwa tupu. Nakala isitolewe mpaka hapo.

Mama, mimi niliipenda ilivyo. Lakini niliandika kwa uaminifu.

Kinyozi wa jirani alisema huyo mwimbaji amebanwa pua na kibanio cha nguo. Mwanafunzi mmoja aliuliza hao ni watu wa nchi gani. Nilipomwambia ni wa Malinya alikasirika, akadhani namfanya mjinga. Mwalimu wa kwaya ya kanisa letu alisema sauti hazijasalimiana. Kisha akarudi kesho yake kuhakikisha kama bado hazijasalimiana, na keshokutwa tena. Mama anayeuza mboga alisema wimbo wa kikombe unamkumbusha kitu, lakini hakijui, na mpaka akijue nisiuzime. Mtu mmoja wa Malava nilimjaribia redio yake kwa kaseti hiyo. Akasikia mvumo wa ile redio kuukuu tuliyoifanya spika, akanirudishia redio, akasema haijapona. Niliifungua mbele yake, nikaifunga bila kugusa kitu, nikamwekea taarabu. Akaondoka akinisifu.

Wa mwisho alikuwa mtu wa Ikolomani, upande huo huo wa Malinya. Wimbo wa tatu ulipofika aliacha kutafuna muwa.

"Mpwani," akaniambia (huku ukitoka mashariki ya Nairobi wewe ni Mpwani tu, hata kama kwenu ni Taita milimani), "huyo fahali mlimuita halafu hamkumtoa. Hiyo hatufanyangi."

Hilo nililiandika pia. Lilinichoma kuliko yote, kwa sababu wiki ya kwanza tu Kamati aliugua tumbo, na daktari wa mifugo alipofika alikuwa ameshakufa.

Jumamosi, yaani jana, Lihanda alikuja asubuhi. Alisoma daftari kwa kalamu nyekundu mkononi, kama anayesahihisha hesabu. Waliokubali, watatu. Waliokataa, kumi na mmoja. Akanihesabu mimi katika wale watatu, akasema mimi ni fundi na sihesabiki, wakabaki wawili. Akaniambia nifungashe mitambo, twende shuleni tukafute.

Nilikuwa nakunja waya Mzee Lumbasi alipoingia na kofia yake ya mvua. Musonye alikuwa nyuma yake, haniangalii. Kumbe alikuwa amemwambia babu yake ukweli wote, pamoja na mdundo.

Mzee hakusalimu. Alisema ameambiwa nina sauti ya ng'ombe wake ndani ya kisanduku.

Nikamwekea wimbo wa tatu. Alisikiliza akiwa amesimama, jicho kwenye kaseti inavyozunguka. Ngurumo ilipofika, akavua kofia. Akaniomba nirudishe. Nikarudisha. Mara ya tatu alimgeukia Lihanda.

"Wewe unaimbanga kama mtu ako na mafua."

"Ndiyo, Mzee," Lihanda akajibu.

"Na wewe," akamwambia mjukuu wake, "ulimuita na hukumfungulia. Hiyo tutaongea nyumbani." Akaielekezea kaseti kofia yake. "Lakini huyo ni yeye. Hata nikiwa nimelala nitamjua. Msimguse."

Niliitoa kaseti, nikachukua bisibisi ndogo, nikavunja vile vimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake. Vikishavunjwa, mashine haikubali kunasa juu yake tena. Lihanda aliniangalia nikivunja hadi cha pili, kisha akafunga kalamu yake nyekundu. Baadaye aliifungua tena, akaandika kwenye karatasi ya kaseti majina ya wapigaji wanne, na chini yao, kwa mwandiko wa ubaoni: Kamati, sauti na ukuta. Chini kabisa: Imenaswa na Wakesho.

Nakala ya kwanza alipewa Mzee. Hana redio kaseti, kwa hiyo atakuwa anakuja benchini kwangu. Ya pili ni hii iliyo ndani ya bahasha.

Nisalimie kaka yangu mkubwa Mwakio, na umwambie nakala hii nayo nimeivunja vimeno, asijaribu kunasia mahubiri yake juu yake. Msalimie shangazi yetu mshonaji, na wifi aliyejifungua. Mtoto asisikilizishwe wimbo wa tatu mpaka ajue kutembea. Baba mwambie asibishane na Lihanda, hawezi kumsikia.

Na sasa kile kikohozi. Ngurumo ikiisha na ukuta ukigongwa, utasikia mtu anakohoa mara moja, karibu na maikrofoni. Lihanda alitaka nacho kifutwe. Kaa karibu na spika, Mama, bila kuambiwa na mtu utamjua ni nani. Lilikuwa vumbi tu.

Mwanao akupendaye,
Wakesho