Moshi Nilioufunika kwa Rangi

Nyumbani kwa mwanangu,
Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya ghala la mbao.
Jumatatu, 6 Oktoba.

Mdogo wangu, ile nyumba ya baba tumeiuza kwa uongo, na uongo wenyewe ni wangu, na sahihi yako iko chini yake.

Haya, nimeshasema. Ningeanza na salamu ningezizungusha mpaka karatasi iishe, unanijua.

Mpendwa mdogo wangu, hujambo? Shemeji hajambo, na wanangu hao watatu? Na ule mguu uliokuwa unavimba ukisimama sana kazini, umepoa? Mimi mwili mzima, nakula vizuri, ila usingizi umenihama. Mwanangu naye mzima, ingawa yeye ndiye niliyemuumiza kuliko wote.

Nilikwambia kwenye simu kwamba karakana ya magodoro ya jirani imeungua. Nilikwambia moto haukuvuka ukuta, na hilo ni kweli. Habari ya moshi sikukwambia. Magodoro yalifuka siku mbili, moshi mzito mweusi, na upepo wote unakuja kwetu. Niliporudi ndani, chumba cha nyuma kilikuwa kama sufuria kwa chini. Ukipitisha kidole ukutani kinatoka cheusi, tena kinateleza kama umeshika mafuta. Juu ya dari ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Masizi yamelala kule kama blanketi.

Mwanangu alipanda ngazi akachungulia. Nisimsifu kwa kuwa ni wangu, lakini wewe mwenyewe unajua, mji huu hauna fundi rangi wa kumfikia. Wanamwita Kioo, maana ukuta wake ukiutazama unatamani kuchana nywele. Meneja wa benki alimsubiri miezi miwili, na mafundi wengine wamekaa bure barazani. Basi aliposhuka kwenye ngazi akanieleza kwamba masizi ya magodoro yana mafuta na yana sumu, hayafunikwi. Mbao za dari zitolewe, kuta zioshwe kwa sabuni mara tatu, zikauke, zipigwe kwanza rangi ya kuzuia madoa, ndipo ije nyeupe. Kazi ya wiki mbili. Na mnunuzi aambiwe, akasema, maana hata ukiosha, mtu wa kulala humo ana haki ya kujua.

Dalali alikuwa analeta wateja Alhamisi. Na nilichoogopa zaidi, mdogo wangu, utacheka, ni mabeseni. Niliwaona kichwani mwangu majirani wakitazama mabeseni ya maji meusi yakitoka nyumbani kwa baba, nyumba niliyojisifia miaka yote kuwa hakuna safi kama hiyo mtaa mzima. Nikamwambia mwanangu apake juu kwa juu. Akakataa. Nikamwambia, "Nilikubeba mgongoni mpaka shule ulipokatwa na chupa, leo unakuja kunifundisha kuta?" Hayo ni maneno ya kumfunga mtoto mdomo, na nilijua ninachofanya. Akapaka. Mara tatu alirudia, kimya, bila hata kupiga mluzi, yeye ambaye hupiga mluzi tangu brashi ya kwanza.

Halafu ikaja ile fomu ya dalali, iliyofika kwako na kwa kaka mpate kusaini, kwa kuwa nyumba ni yetu sote watatu. Maswali yote nilijaza mimi. Mchwa niliandika, hadi fremu ya mlango wa choo. Maji ya mvua kuingia jikoni mwaka ule, niliandika. Lile bati la zamani la asbesto juu ya stoo, ambalo halitakiwi kukatwa kwa sababu vumbi lake linadhuru kifua, niliandika, tena nikapigia mstari. Nilijiona mkweli kweli. Swali la tisa likauliza kama nyumba imewahi kupatwa na moto au moshi. Nikaandika "Hapana". Shule sikuimaliza lakini mwandiko wangu unaujua. Hiyo hapana ilikaa vizuri kuliko maneno yote ya ukurasa ule. Wewe ukasaini kwa kuniamini. Kaka naye akasaini juu ya usukani wa lori lake, hata hakusoma.

Aliyenunua ni mwalimu wa watoto wadogo, anaishi na mama yake mzazi, bibi mmoja mwenye pumu na maneno mengi. Chumba cha nyuma akapewa bibi, kwa kuwa ndicho kimetulia.

Mvua za kwanza zikanyesha, unyevu ukaingia, na rangi ikaanza kutoa madoa. Ya njano kwanza, kisha kahawia, yakishuka kutoka darini kama mtu kamwaga chai. Harufu nayo ikarudi. Ndiyo yale ya mficha maradhi. Mtaani wakapata la kusema, eti Kioo kimeingia ukungu. Wenye zahanati mpya, waliokuwa wamempa mwanangu jengo zima, wakamwambia asubiri kwanza. Nilipomuuliza kuna nini, alinijibu ni mambo ya kazi tu, yatapita.

Wiki iliyopita nikaenda kuwasalimu, nikidhani nitachungulia hali ilivyo nirudi zangu. Bibi akanikaribisha chai chumbani kwake, akasogeza mto nikae kitandani. Akanionyesha doa juu ya kichwa cha kitanda. Akakohoa, akavuta ile dawa yake ya kupuliza, akaendelea na maneno pale pale alipoishia.

"Kijana wako alikuja hapa, mama mwenzangu," akasema. "Akasema kosa ni lake, alichanganya rangi vibaya. Nikamwambia, baba, mdomo wako mtamu kuliko brashi yako."

Akanitazama, akisubiri. Mdogo wangu, pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikunywa funda la chai, nikasema, "Vijana wa siku hizi, kazi wanalipua."

Miaka thelathini na moja sijawahi kumsema vibaya mwanangu mbele ya mtu. Hata alipovunja dirisha la duka la dawa kwa mpira, nilisema dirisha lenyewe lilikaa vibaya. Na siku ya kwanza kumsema, nikamsema kwa kosa langu, tena nimekaa kwenye kitanda cha mtu anayekohoa moshi wangu.

Bibi akacheka, akaanza na yeye kumsifu wa kwake. Binti yake hafanyi jambo bila kuuliza mara mbili. Hata nyumba hii aliuliza yote, na wenye nyumba wakaandika yote, hadi mchwa. Ndiyo maana yeye analala bila wasiwasi, akasema. Nikaweka kikombe chini.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja alikokuwa mwanangu. Nikamkuta anapaka geti la mtu. Geti, yeye wa kuta za benki. Nikamuuliza kwa nini amejitwisha mzigo usio wake. Hakuacha hata kupaka.

"Ukuta nitaupaka tena, mama," akasema. "Wewe ningekuanika vipi?"

Huyo ndiye niliyemzaa. Hata ndani ya aibu hii siwezi kuacha kujisifu naye, nisamehe.

Nikakaa siku nne natafuta njia ya mkato. Haikuwepo. Jana Jumapili nikarudi kwa Mwalimu, nikamwomba alete ile fomu. Nikaweka kidole kwenye swali la tisa, nikamwambia jibu lake ni ndiyo, na kwamba mwanangu alinikataza, na wewe na kaka hamkujua kitu. Nilitamani anifokee, ningejua pa kushika. Hakunifokea. Alikwenda akamtoa mama yake chumba kile, akakokota godoro mpaka sebuleni, akafunga mlango. Bibi, na maneno yake yote yale, hakuniambia hata moja. Alinipita kama anavyopita kiti. Hapo ndipo machozi yalipotoka, na mwenye haki ya kulia hakuwa mimi.

Mwalimu akasubiri nimalize. Kisha akasema, "Mje nyote mliosaini. Dari ishushwe mbele yangu, nione kilichoko juu, ndipo nitawaambia kama nyumba naitaka au siitaki."

Nimekubali. Akiitaka, tutaosha mpaka ukuta wa mwisho, mchana kweupe. Akiikataa, tutaichukua na tutamrudishia chake chote, na sitabishana.

Kaka nimempigia. Amesema atageuza lori. Wewe nimeshindwa kukupigia. Ningesikia sauti yako ningeanza kupamba maneno, na kupamba ndiko kulikonifikisha hapa. Najua safari ni ndefu, na ruhusa kazini kwenu hupatikana kwa kuomba kwa magoti. Lakini nisisimame tena mahali pako. Umeona nilichofanya nilipoachiwa. Njoo usimame mwenyewe. Ukinigombeza mbele ya watu nitakaa kimya, na mimi kukaa kimya ni jambo ambalo watoto wako hawajawahi kulishuhudia.

Msalimie sana shemeji, na umwombe radhi kwa niaba yangu kabla sijamwomba mwenyewe. Wasalimie wanangu, hasa yule mkubwa anayesomea umeme. Mwambie mama yake mkubwa anamsifia hata kwa watu wasiouliza. Yule fundi viatu, jirani yako, naye usimsahau. Mungu akutangulie njiani, na kila utakapolala akupe hewa safi na pumzi nyepesi.

Ni mimi dada yako, nakupenda kuliko ninavyojua kuandika, na safari hii nakupenda nikiwa nimeinamisha uso.

Ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na nane, saa mbili asubuhi, mlangoni kwa Mwalimu: wewe, mimi na kaka, na mwanangu na ngazi yake.