Sare ya Watatu

Dada Ndeshi, shikamoo. Hogo la plasta mguuni linakuwasha bado?

Kariakoo joto limenikomesha, ila bendi yetu inapiga Jumapili mchana, basi navumilia. Leo nimekwenda Msimbazi kununua kitenge cha sare ya mashabiki. Siku hizi vimejaa madukani, hakuna foleni kama zamani. Mwenye duka, mama mmoja wa Kihindi, akanikazia macho. "Dada yako yuko wapi? Yule aliyenikanyaga dansini Morogoro mpaka kiatu kikakatika?" Kumbe naye huifuata bendi kila mkoa.

Nikamweleza umevunjika mguu, uko Moshi. Akakata vitenge vitatu: changu, chako na chake. Nikamwambia kuwa wewe huwezi kucheza.

"Avae kitandani," akasema. "Huko hatanikanyaga."

Chako nakituma kwa basi kesho. Jumapili saa tisa ukivae, dada yangu, tucheze watatu.

Mdogo wako, Aika