Ratiba Zilizotoka Bila Kusomwa

Jumatatu, 2 Februari 2026

Nimeufungua! Asubuhi, mbele ya Ami Taib na Dzoro wa mashine, nilibonyeza na duka letu la uchapaji la Ndia Kuu likaingia mtandaoni. Mteja akae kwake Mbaraki, achague kadi, aandike jina, oda inifikie mimi kwenye laptopu. Mtambo wote nimeujenga mwenyewe. Na badala ya kufurahi, moyo unanienda mbio kama niliyeiba.

Ami ni ndugu wa marehemu baba. Amekubali shingo upande, kwa kuwa wateja wanatuhama na bila hivi tutafunga. Ila sharti lake hakuliacha: chochote cha dini hakipandi mashine mpaka watu wawili wasomeane, mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwa kidole. Ndivyo walivyofanya tangu enzi za babu. Basi nikaweka kisanduku kimeandikwa Imesomwa. Pasipo alama humo, oda haipiti. Ami akakitazama kitambo, akasema, "Haya. Hapo umenitilia mato yangu." Kisanduku hicho ndicho macho yake sasa.

Sasa naogopa nini? Sijui. Kila kitu.

Alhamisi, 5 Februari

Oda moja. Ya binamu yangu Nasiha, kwa kunihurumia.

Dzoro kaniuliza kama mtambo umelala. Anatania, najua. Sikucheka.

Jumatatu, 9 Februari

Zimekuja! Ratiba za Ramadhani, zile za saa za swala na za kufuturu, oda juu ya oda. Kila familia yataka za kugawa, zenye jina la maiti wao chini, apate thawabu. Bi Mwanakhamis wa Kibokoni, aliyenisomesha Qurani chuoni nikiwa mdogo, ameagiza kwa ajili ya mumewe. Amenipigia kuniambia hakuamini kama kazi kama hii yafanyika kwa simu, na mimi yule yule niliyekuwa nikisinzia mbele yake.

Nimechukua ratiba yetu ya mwaka jana, nikabadilisha tarehe za pembeni, mteja ajaze jina tu. Ami alikuwa Shimanzi akifuatilia karatasi, Dzoro anangoja, simu hainyamazi. Na ratiba ile ilishasomwa mwaka jana, neno kwa neno. Basi nimeitia alama ya Imesomwa mara moja, iende hivyo na kila oda. Kusomeana kitu kile kile, tutamaliza lini?

Jumamosi, 14 Februari

Ami anacheka. Ami! Amewaambia watu barazani kwamba mtoto wa nduguye ameliokoa duka. Kisha akachapisha ratiba moja kubwa yenye jina la baba chini, akaipeleka mwenyewe msikitini kwetu. Sufyan muadhini ameitia kwenye fremu ya kioo. Ndiyo atakayoitazama akiadhini.

Nilipoambiwa nililia kidogo. Halafu hofu ikarudi pale pale. Raha yangu haijawahi kukaa siku mbili.

Jumanne, 17 Februari

Nimekwisha.

Nilikwenda kununua halua. Ukutani dukani pana ratiba ya wachapaji wengine. Nikaitazama kwa kijicho tu, nione karatasi yao ikoje. Saa ya Magharibi, ya kufuturu, siku ya kwanza — si yetu. Yetu imetangulia dakika tatu. Nikasema moyoni, wamekosea hao! Nikatazama saa za jua kwenye simu. Simu iko pamoja nao.

Nimerudi bila halua. Nimeyaona sasa, mtoto mdogo angeyaona: nilibadilisha tarehe, nyakati nikaziacha. Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Jua halirudi nayo. Mwaka jana siku ya kwanza iliangukia Machi, mwaka huu Februari, na mimi nimempa kila mtu jua la Machi.

Dakika tatu si kitu kwa anayengoja chai. Lakini mtu aliyefunga mchana kutwa akila jua halijazama, hana saumu. Mtaa mzima! Wazee, wagonjwa wanaojikaza. Na chini ya karatasi jina la baba yangu.

Lau tungesomeana, Ami angenishika kwenye mstari wa kwanza.

Jumatano, 18 Februari

Ratiba kwenye mtambo nimeisahihisha. Ilikuwa kazi ndogo, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini zilizotoka zimetoka.

Nimemwendea Sufyan mlangoni mwa msikiti, niombe ile ya kwenye fremu, niseme ina doa. Kabla sijafungua mdomo akamwombea baba rehema, akasema kila akiadhini mwezi huu atamkumbuka. Nikamwambia amin. Nikarudi zangu! Amin!

Ujumbe kwa wateja wote nimeuandika: ratiba ina makosa, msifuturu kwayo. Uko tayari kwenye simu. Nikiutuma, Bi Mwanakhamis atampigia Ami hapo hapo. Ami ataufunga mtambo, na mtambo ukifungwa duka limekufa. Tena atanitazama. Hilo la kutazamwa naliogopa kuliko la duka.

Watu wanapigiana simu. Mwezi umeonekana.

Alhamisi, 19 Februari

Nimekula daku. Dukani nilimwendea Ami mara kadhaa. Mara ana mteja, mara anasoma Qurani, mara mimi mwenyewe nimegeuka mlangoni. Njaa siisikii kabisa.

Sasa tuko nyumbani kwa Ami, juu. Nasiha amepanga futari mkekani ukumbini, Ami amekaa chini ya feni, tende iko mkononi. Mimi nimejificha jikoni, nasema naangalia uji. Simu iko hapa kando ya daftari, ujumbe wazi, kidole hakitaki. Bi Mwanakhamis ametuma picha: ratiba kwenye mlango wa friji, na dua ndefu kwa baba.

Labda Sufyan atachelewa. Labda leo saa yake mbovu. Ya Rabbi, iharibu saa yake.

Hiyo adhana. Ni Sufyan. Peke yake, misikiti mingine yote kimya.

Nimetuma. Kwa wote. Umekwenda.

Sijui nimewawahi wangapi. Ami simsikii akitafuna. Simsikii Nasiha akimimina chai. Adhana inaendelea na hakuna wa kuiitikia. Sasa Ami ameinuka — goti lake lile hulia — anakwenda ukutani, ilipobandikwa ratiba yetu. Amesimama hapo.

"Fadhiya," anaita, wala hakupaza sauti. "Hizi ulisomeana na nani?"

Nimeitika, naja, Ami. Kalamu bado ninayo mkononi.